Baraza ya Juu Inavuja

Maretadu nzima haikuwa na nyumba ya ghorofa mpaka Hermani Bura alipojenga yake. Hata hiyo haikuwa kubwa: vyumba vitatu chini, viwili juu, na kwa mbele zege pana lililolala juu ya nguzo za matofali. Chini ya zege ilikuwa baraza ya kukaa wageni. Juu yake ilikuwa baraza nyingine, isiyo na paa, imezungushiwa vyuma ili mtu asianguke, na kuifikia ilibidi upitie mlango wa chumba cha juu. Watu waliokuwa wakienda mnadani walisimama barabarani wakaitazama, wakaambiana maneno, wakaendelea na safari.

Wazo hilo Hermani alilitoa kazini. Alikuwa dereva wa mashine ya kuvunia katika shamba moja la ngano la serikali, upande wa Basotu. Nyumba ya wageni ya shamba hilo ilikuwa na baraza ya juu, na jioni wataalamu kutoka ng'ambo walikaa pale na chai yao, wakiangalia ngano mpaka macho yanapoishia. Madereva walisimama chini, wakainua shingo kupokea maagizo ya kesho. Hermani aliinua shingo miaka mingi. Alipopata nafasi ya kujenga, jambo la kwanza alilomwambia fundi halikuhusu vyumba.

Mkewe Hilaria hakupinga. Alikulia Tlawi katika nyumba ambayo mtu mrefu huinama mlangoni, na ghorofa ilimfurahisha kama ilivyomfurahisha mumewe. Alisomba mchanga kwa punda kutoka korongoni, akawapikia mafundi, akalimwagilia zege maji asubuhi na jioni kama alivyoagizwa ili lisipasuke. Tadei, mwashi aliyeletwa kutoka Mbulu mjini, alimsifu. "Shemeji," alisema, "zege hili litawazika wajukuu zako."

Masika ya kwanza tu, likavuja.

Lilianza na tone moja, katikati ya baraza ya chini, juu ya benchi alilopenda kukaa Bernadina, mama yake Hermani, akichambua maharage. Bernadina alisogea. Wiki iliyofuata tone likamfuata. Kufikia mwisho wa mvua, maji yalikuwa yakishuka karibu na mlango, kwenye nguzo mbili, na kando ya dirisha la chumba cha bibi huyo, ambako ukuta ulivimba na chokaa ikaanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Hilaria alifuta sakafu kwa gunia, akakamua, akafuta tena. Mvua ikikatika nje, ndani iliendelea kunyesha hadi kesho yake, kwa sababu maji yaliyotuama juu yalikuwa bado yanatafuta njia.

Hermani hakuwepo. Wakati wa mvua ndio wakati wa kulima na kupanda ngano, na dereva haachiwi. Likizo yake ilikuja baada ya mavuno, jua likiwa kali na vumbi limejaa mpaka kwenye vikombe. Alifika nyumbani na sukari na vitenge, akakaa baraza ya juu siku nzima ya kwanza na kofia yake ya kazi kichwani, akisalimiana na kila aliyepita barabarani.

"Baba Veronica," Hilaria alimwambia jioni, "hiyo baraza yako inavuja."

Veronica alikuwa binti yao wa pekee, anasoma bweni.

"Inavuja wapi?"

"Kila mahali. Shuka nikuonyeshe."

Alishuka. Akaangalia juu. Zege lilikuwa kavu, limepauka, lina mistari ya chumvi nyeupe tu. Akapitisha kiganja ukutani. Kukavu.

"Hapa?"

"Sasa ni kiangazi. Unategemea nini?"

Hermani alikuwa mtu wa mashine, na mashine huipimi kwa maneno. Alipanda na ndoo ya maji, akaimwaga kwenye sakafu ya juu, akateremka mbio na kusimama chini, mikono kiunoni. Walisubiri wote watatu, yeye, mkewe na mama yake. Jua lilikunywa yale maji kabla hata hayajajua wapi pa kwenda. Hakuna kilichodondoka.

"Unaona?"

"Ndoo moja!" Hilaria alisema. "Mvua ni ndoo moja?"

Hermani akamgeukia mama yake. "Mama, eti inavuja sana?"

Bernadina alikuwa na maharage kwenye ungo. Aliyarusha, akapuliza maganda, akayarusha tena.

"Maji kidogo tu, mwanangu," alisema. "Nyumba yoyote ina maji kidogo."

Hilaria alihisi damu ikimpanda usoni. Ni yeye aliyekuwa akihamisha kitanda cha huyu bibi kutoka ukutani, ni yeye aliyekausha blanketi lake juu ya moto. Lakini mbele ya mume huwezi kumwambia mama mkwe kwamba ni mwongo. Alichukua ndoo iliyobaki tupu pale, akaenda zake jikoni.

Hata hivyo Hermani hakudharau moja kwa moja. Alipata saruji, na mwaka ule saruji ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, akaziba kila ufa alioweza kuuona. Alifanya kazi safi. Nyufa zilipoisha, sakafu ya juu ilionekana kama uso wenye makovu. Akarudi Basotu ameridhika.

Vuli iliponyesha, nyufa zilizozibwa zilibaki zimezibwa, na maji yakapita kando yake.

Mwaka huo Hilaria alikuwa ameweka mbegu ya maharage kwenye baraza ya chini, gunia limeegemezwa ukutani mahali alipopaona pakavu kuliko pote. Siku moja alienda kulifungua akakuta limepata joto. Alipotia mkono ndani, vidole vilikutana na kitu laini, kama funza. Mbegu yote ilikuwa imechipua. Alilivuta gunia hadi uani, akalimwaga, akasimama akiangalia vile vichipukizi vyeupe vilivyojikunja, mvua ikimnyeshea mgongoni. Akapaza sauti peke yake, bila kumwita mtu yeyote: "Jamani! Jamani, hii nyumba!"

Jirani yake, Efrazia, alimsikia kutoka ng'ambo ya uzio wa minyaa. Alikuja na khanga kichwani, akaangalia rundo, akasonya.

"Wape nguruwe," alisema. "Halafu uje nikupe mbegu yangu kidogo. Lakini mwenzangu, si mngeezeka tu bati pale juu?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema ikiezekwa haitakuwa tena baraza ya juu. Itakuwa dari."

Efrazia alicheka mpaka akaegemea ukuta. Hilaria hakuona cha kucheka.

Likizo ya pili Hermani alikuja na lami. Shamba lilikuwa limemaliza kujenga ghala, na pipa moja lililobaki wafanyakazi waligawana. Aliichemsha uani, akaipaka kwa ufagio sakafu yote ya juu, ikang'aa nyeusi kama ngozi ya nyati. Alimwita Hilaria aione. Kwa mara ya kwanza Hilaria aliamini. Kitu cheusi namna ile, kizito, kinachonuka, maji yatapita wapi?

Jua la mchana lilimjibu. Lami ililainika. Hermani alitoka juu na kiti chake, miguu minne ya kiti ikazama, na alipoinuka kiti kikabaki. Nyayo zake nyeusi zilishuka ngazi zote, zikapita sebuleni, zikaenda mpaka chumbani. Hilaria alizisugua kwa mafuta ya taa siku nzima. Na mvua ilipokuja, ile lami nyembamba ilikuwa imeshapasuka vipande vipande kama tope la bwawa lililokauka. Maji yaliyodondoka chini sasa yalikuwa na rangi ya chai.

Siku hiyo Hilaria alimkabili mama mkwe wake.

"Mama," alisema, ameshika gunia la kufutia, "mwanao akirudi akakuuliza, utamwambia nini?"

Bernadina alikuwa amejikunyata kwenye kona, miguu juu ya gogo ili isilowane. "Wewe unataka nimwambie nini?"

"Ukweli."

"Hilaria, baba yake alikufa kwenye nyumba ya udongo. Watoto wa ukoo huu wote wamejenga chini. Huyu mmoja amejenga juu, watu wanasimama barabarani kuangalia. Nimwambie kazi yake mbaya?"

"Mwambie inavuja. Kazi nzuri na kazi mbaya atajua mwenyewe."

"Wewe umeshamwambia."

"Mimi hanisikii! Anakuuliza wewe!"

Bernadina aligeuza uso. Maji yalidondoka kati yao. Kisha Hilaria aliinama akaendelea kufuta, kwa sababu sakafu haingojei watu wapatane.

Ilikuwa sakafu ya saruji iliyosuguliwa, laini, Hermani aliitaka hivyo ili ing'ae. Ikilowa iliteleza kama samaki. Masika ya tatu, asubuhi moja ya ukungu, Hilaria akiwa zizini anakamua, alisikia kishindo na baada yake kimya. Aliiacha ndoo ya maziwa chini ya ng'ombe. Alimkuta Bernadina amelala kifudifudi mbele ya mlango wa chumba chake, mkono mmoja uko chini ya kifua, na maji yanamdondokea kisogoni.

"Usiniinue," bibi alisema kwa sauti ndogo. "Mkono. Usiushike mkono."

Efrazia na wanawe wakaja. Walimbeba kwa machela ya miti na blanketi mpaka barabarani, wakapata gari la misheni, wakamfikisha hospitali. Mfupa ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kiwiko cha mkono. Alifungwa plasta nzito. Muuguzi aliuliza ilikuwaje, na Bernadina akasema aliteleza kisimani. Hilaria alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Alisikia, akafunga macho.

Alimwacha bibi na Efrazia. Hakurudi nyumbani. Alitafuta lori linalopeleka mbegu mashambani, akapanda juu ya magunia, akashuka jioni kwenye geti la shamba la ngano, matope hadi magotini.

Hakuwahi kufika pale. Alijua shamba kwa maneno ya mumewe tu, na sasa aliona ni kubwa kuliko alivyolisimulia: udongo mweusi uliogeuzwa hadi kwenye upeo, bila mti, bila ng'ombe, na matrekta yenye taa yakitambaa mbali kama wadudu. Msimamizi wa zamu, Didas, Mchaga mwenye ndevu za kijivu, alimpokea ofisini.

"Shikamoo, baba," Hilaria alisema.

"Marahaba, mama. Karibu. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Namtaka Hermani Bura."

Hermani aliletwa na trekta kutoka shambani. Alipomwona mkewe amesimama pale na matope, rangi ilimtoka. "Veronica?" aliuliza.

"Veronica mzima. Mama yako amevunjika mkono. Ameteleza barazani kwako."

"Ameteleza vipi? Alikuwa..."

"Maji, Hermani." Hakumwita Baba Veronica. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake mbele ya watu. "Maji kidogo. Yale yale. Mimi sikuja kuomba. Nimekuja kukuambia tu, nikitoka hapa napita kwa Tadei. Namwambia alete nyundo na watu wake, waliangushe hilo zege chini lote. Ukirudi kiangazi utakuta nguzo."

Didas alianza kuangalia karatasi zake kana kwamba hajawahi kuziona.

"Tuko katikati ya kupanda," Hermani alisema. "Nitaachaje mashine?"

"Sikukuambia uache. Nimekuambia utakuta nguzo."

Alitoka nje. Hermani alisimama. Kisha Didas akasema, bila kuinua macho, "Bura, nenda. Trekta lako leo au kesho litakosa dizeli tu, kama mengine. Nenda ukamwone mama yako."

Walisafiri pamoja kwenye lori lile lile, kila mmoja kwenye upande wake wa turubai, wakapita hospitali kumwona mama. Mvua ilianza kabla hawajafika. Waliposhuka Maretadu ilikuwa inanyesha kwa ukali, ile mvua ya mlimani inayokuja ya ubavu, na Hermani alikimbia kuelekea barazani kwake kama mtu yeyote anayekimbilia paa. Alifika chini ya zege, akavua kofia, akajikung'uta. Kisha akatulia.

Kulikuwa kunanyesha. Haikuwa matone. Kando ya ukuta maji yalishuka kwa pazia jembamba, yanameremeta, yanaingia chini ya mlango wa chumba cha mama yake. Kwenye nguzo yalitiririka. Tone lilimpiga kwenye paji la uso, akasogea, jingine likamwingia ndani ya kola. Akasogea tena. Hilaria alikuwa amesimama nje kabisa, mvuani, amejifunika gunia, anamwangalia.

"Mbona huingii?" Hermani aliuliza.

"Kuna tofauti gani?"

Hermani aliinua macho kwenye zege. Alipanda ngazi mbio, akafungua mlango wa juu, na maji yaliyokuwa yametuama nyuma ya mlango yakamwagikia miguuni, chumbani. Baraza yake ilikuwa bwawa. Maji hayakwenda nje kwenye bomba la kutolea. Yalirudi nyuma, yakaegemea ukuta wa nyumba, yakajikusanya mlangoni na kwenye miguu ya vyuma. Alipiga magoti ndani yake. Alichota kwa mikono akimwaga nje kupitia vyuma, anachota, anamwaga, na mvua ikirudisha yote. Hilaria aliyekuwa amepanda nyuma yake alimwona akipiga sakafu kwa ngumi.

"Limelala vibaya," alisema, uso wote maji. "Zege lote limelala kuelekea nyumbani. Mama Veronica, limelala kuelekea nyumbani!"

"Mimi nilijua linavuja," Hilaria alisema. "Ya kulala ni yako na Tadei."

Walimtumia Tadei ujumbe Mbulu, na alipokuja alishuka kwenye baiskeli akiwa ameshaandaa maneno. Alisema kiangazi kile cha kujenga likizo ilikuwa inaisha, Hermani alikuwa anamsukuma kila siku, pima maji yake ilikuwa imepasuka kioo, na alipima kwa jicho. Hermani alisema yeye alimsukuma afanye haraka, hakumsukuma afanye upofu. Walirushiana maneno mpaka Hilaria akaweka nyundo kubwa kati yao, juu ya meza ya chai.

"Mnavunja au hamvunji?"

Tadei aliisogeza nyundo polepole. "Shemeji, ukivunja hilo na nondo zimeingia ukutani, unaondoka na ukuta. Chumba cha juu kitakaa wazi mvua nzima."

"Basi semeni mnafanya nini. Lakini si saruji kwenye nyufa, na si lami ya ufagio."

Walikubaliana kubandua sakafu ya juu kwa patasi mpaka kwenye zege lenyewe, kumwaga sakafu mpya yenye mteremko kuelekea nje, na juu yake kulaza magunia yaliyochovywa kwenye lami nzito, tabaka juu ya tabaka, yakipanda ukutani kiasi cha shubiri na kuzunguka mguu wa kila chuma. Ilikuwa rahisi kusema wakiwa mezani. Lakini zege lilitakiwa kukauka, na ilikuwa masika. Walitandaza turubai juu ya fito. Upepo ukaling'oa, ukalipeleka shambani kwa Efrazia, likaangusha mahindi yake. Walilifunga tena kwa kamba. Usiku likajaa maji katikati likazama kama tumbo la ng'ombe, fito zikavunjika, na maji yote yakamwagika kwenye sakafu mbichi iliyopigwa jana yake. Tadei alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. Hermani alikuwa na siku chache tu za ruhusa, na kila moja ilikuwa inaondoka imelowa.

"Mimi narudi Mbulu," Tadei alisema. "Hii nyumba ina mkosi."

"Haina mkosi," Hilaria alisema. "Ina maji. Kaa chini ule, halafu tuanze upya."

Bernadina alirudishwa kutoka hospitali katikati ya vurugu hiyo. Hilaria alimweka kwenye nyumba ya zamani ya udongo, ambayo sasa ilikuwa jiko, akamtandikia karibu na moto. Hermani aliingia kumsalimia, mikono imejaa saruji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alimwangalia mikono. "Umemaliza?"

"Bado. Mama, ile siku mliniambia ni maji kidogo..."

"Nani aliyekuambia? Mimi nilikuambia." Bibi aliinua mkono wake wa plasta, ukamwuma, akaushusha. "Na mke wako alikuambia ni mengi. Miaka yote hii unakuja kuniuliza mimi nikaaye. Ulimwuliza lini yeye afutaye?"

Hermani aliinamisha kichwa. Hilaria alikuwa mlangoni na sufuria ya uji. Angeweza kufurahi. Badala yake alikasirika, kwa sababu maneno yale yangeweza kusemwa kiangazi kile cha kwanza, bure, bila mfupa wa mtu. Aliitua sufuria kwa nguvu hata uji ukaruka.

"Kunywa, Mama," alisema. "Utapoa."

Mvua ilipumzika mwisho wa juma. Waliweka majiko ya mkaa juu ya sakafu mpya, wakayahamisha kutoka kona hadi kona mpaka saruji ikabadilika rangi. Wakachemsha lami ile iliyobaki kwenye nusu ya pipa, ikawa nzito kama ugali. Tadei alichovya magunia, Hermani akayalaza, Hilaria akayakanyaga kwa ubao ili hewa isibaki chini. Lami ilimruka mguuni ikamwacha na kovu. Walizunguka kila chuma kwa vitambaa kama mtu anavyofunga kidonda. Juu ya yote wakapiga saruji nyembamba ili jua lisiifikie lami, na bomba la kutolea maji wakalipanua.

Hermani aliondoka siku iliyofuata kurudi kwenye ngano, saruji ikiwa bado haijakomaa. Alimwambia Hilaria mtu asikanyage pale juu. Hilaria alisema yeye hana shida ya kukanyaga.

Mvua ikarudi. Hilaria alichukua kigoda akakaa katikati ya baraza ya chini, pale pale lilipoanza tone la kwanza, akaangalia juu. Bernadina alisimama kwenye mlango wa jiko, ng'ambo ya ua, mkono kifuani, naye anaangalia. Hakuna kilichoshuka. Ukuta ulikuwa na unyevu wa zamani tu. Maji yalisikika juu yakikimbia, yakafika kwenye bomba, yakaruka nje mbali na nguzo. Hilaria alikaa pale mvua yote. Ilipokaribia kwisha, kwenye kona ya upande wa zizi, zege likafanya doa jeusi. Doa likakua. Likaning'iniza tone, likaliachia.

"Ah!" Hilaria alisema. Aliinuka, akaenda kusimama chini ya lile tone moja akiwa amekunja ngumi, kama kuna mtu wa kumpiga.

Aliwaambia madereva wa malori ya mbegu wamfikishie mumewe habari: imeshika, isipokuwa kona ya zizini.

Jumapili mbili hivi baadaye, watu wametoka kanisani na mvua inamwagika, lori lilisimama barabarani. Hermani aliruka kutoka juu ya magunia. Hakuwa ametarajiwa, kupanda ngano kulikuwa hakujaisha. Hakuingia sebuleni. Alipita moja kwa moja na viatu vyake vya matope, akapanda ngazi, na Hilaria akasikia hatua zake juu ya kichwa, kisha kukwaruza. Majani ya mkaratusi yalikuwa yameanza kuziba bomba. Alishuka amelowa hadi mifupa, ameshika bonge la majani.

"Didas amenipa mpaka kesho alfajiri," alisema. "Ile kona iko wapi?"

Alimwonyesha. Walisimama wote wawili chini yake, shingo zimeinuka.

"Ni kwenye chuma cha mwisho," Hermani alisema. "Gunia halikuzunguka vizuri."

"Mimi nafikiri ni ukutani."

"Ukutani tulipandisha shubiri nzima."

"Kwenye kona hamkupandisha. Tadei alikosa gunia, akaunga kipande. Nilikuwepo."

Tone lilianguka kati ya viatu vyao.

"Kipande kikubwa kiasi gani?" aliuliza.

Hilaria alimwonyesha kwa viganja viwili. Akachukua taulo kwenye kamba, akamtupia kifuani. "Jifute kwanza. Mama yuko jikoni, nenda ukamsalimie. Halafu nitapanda nikuonyeshe kilipo, lakini si kwa mvua hii."

Alijifuta uso. Mvua haikuonyesha dalili ya kukoma, na alfajiri lori lingerudi. Alivuta kigoda, akakiweka karibu na lile doa, akakaa kuliangalia.